Msiro wa Zubaida

Wifi yangu Zubaida alijipaka msiro kila asubuhi kwa miaka minne, na hilo ndilo watu walilomsema. Hawakumsema kwa uvivu wala kwa ugomvi, maana hana hayo. Walimsema kwa sababu uso wake ulikuwa mweupe siku zote, kama wa mwali anayengoja kutolewa nje, ilhali binti yake hajaonekana tangu mwaka tuliokimbia.

Hapa Quiterajo, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kila mwanamke anajua kusaga msiro. Unachukua kijiti chake, unalowesha jiwe, unasugua mpaka utoke uji mweupe, unajipaka usoni na kuuacha ukauke. Ni urembo na ni dawa ya ngozi. Lakini aliyefiwa haugusi mpaka arobaini ipite. Mwanamke akitoka na uso mtupu, hata asiyemjua hushusha sauti na kumpa pole kabla ya kumuuliza bei ya samaki. Uso mtupu ndiyo tanzia yenyewe. Sasa Zubaida, ambaye riziki yake ni kusaga na kuuza msiro, alijipaka mapema kuliko sisi sote, na mzito kuliko wa mtu yeyote.

Naandika haya kwa sababu nimesikia yakisimuliwa Pemba, mji wa mkoa wetu, kwa namna nyingine, kwamba watoto wa mzee Ossufo walimdanganya mgeni kwa mtoto wa kuazima. Mzee Ossufo alikuwa baba mkwe wangu. Nusu ya watu wa pwani hii walijifunza Kurani barazani kwake. Marehemu mume wangu Sadique alikuwa mwanawe wa kwanza, Zubaida wa pili, na Nurdine kitinda mimba. Mimi nilifundisha shule ya hapa hadi nikastaafu, na wananiita Profesora, yaani mwalimu, hata wasionipenda. Siwezi kuacha jina la nyumba hiyo liburutwe sokoni na watu ambao hawakuwapo uani siku ile. Mimi nilikuwapo, na kila neno lililosemwa kwa Kireno siku hiyo lilipita kinywani mwangu.

Zubaida aliolewa na Abdulai, mvuvi aliyekuwa akikaa miezi mizima kisiwani Macaloe, mtu wa mzaha mwingi. Akirudi nyumbani na kumkuta mkewe amepaka msiro, husimama mlangoni na kubisha hodi kwa ukuta. Mke humwuliza anafanya nini. "Nauliza ukuta huu wenye chokaa," husema akimtazama usoni, "kama mke wangu yumo ndani." Aliugua tumbo akafa, binti yao Wahida akiwa bado ananyonya. Wanaume wawili walileta posa baadaye, na wote wawili walirudi na posa zao. Zubaida akahamia kwenye kiwanja chetu, akajenga chumba kando ya jiko langu, akaweka jiwe lake chini ya upenu. Sauti ya jiwe hilo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha.

Wahida alikua akizungumza. Alizungumza na kuku, na ndoo, na mimi nikiwa nasahihisha madaftari. Alikuwa na mwanya mpana wa mbele, urithi wa baba yake, na cheko lililotangulia maneno. Shirika moja lilipokuja kutafuta wafadhili kwa watoto wa shule, kijana wao Aurélio, mtu wa bara, kutoka nyanda za juu, alipiga picha watoto wengi, lakini huyu alimpiga mara tatu kwa sababu hakuweza kufunga mdomo. Akapatikana mfadhili, mwalimu wa Brazili aitwaye Dona Cleide. Kutokana na wafadhili hao shule yetu ilipata bati na madawati, na hilo silikatai. Mwishowe Aurélio alirekodi kwa simu salamu za kila mtoto, akazipeleka kwa wafadhili huko kwao.

Kisha wakaja waasi, wale tunaowaita watu wa msituni.

Siku hiyo nilikuwa Pemba nikimuuguza Sadique, kwa hiyo ninachokijua ni kile alichonieleza Zubaida, mara moja tu, akiwa amenipa mgongo. Nurdine na mkewe walikuwa Mbau kwa biashara yao ndogo. Walikuwa wamemwacha binti yao Rehema kwa shangazi yake Zubaida, na mtoto alikuwa na homa kali. Milio ilipoanza upande wa barabara, Zubaida alimfunga Rehema mgongoni, akamwambia Wahida, "Shika pindo la kapulana yangu. Hata nikikimbia, usiachie." Wakapita mashambani, wakaingia mikokoni, watu wengi, gizani, bila mtu kuthubutu kuita jina la mwenzake. Zubaida alikuwa akimhisi nyuma. Pindo lilivutwa kwenye matope, likalegea, likavutwa tena. Walipotokeza ufukweni kulikuwa kunapambazuka, na pindo lilikuwa jepesi.

Alitaka kurudi. Wanaume walimshika wakamtia mashuani kwa nguvu, na mtoto wa mwenziwe mgongoni.

Tulikaa ukimbizini Pemba, na huko ndiko nilikomzika mume wangu. Zubaida alikuwa akitembea nami njiani, mara anasimama. Hageuki. Anasimama tu, kichwa kimeinama kidogo upande, kama mtu anayengoja mtoto afunge kiatu.

"Nini, wifi?"

"Ananivuta."

Halafu anaendelea. Alianza kufunga kapulana yake, leso ya kiunoni, kwa namna ya peke yake, mbele juu, nyuma ikining'inia hadi chini. Wanawake wa kisimani hawakumwacha. "Zubaida, unafagia barabara. Manispaa wakikuona watakuajiri."

"Wakiniajiri," alijibu, "mshahara nitakuletea wewe ukanunue adabu."

Walicheka, naye akacheka, mkono mdomoni kama kawaida yake. Lakini hakuna aliyekanyaga pindo lile. Nilimwona mama mmoja akimvuta mwanawe kwa sikio kwa kulikaribia.

Tuliporudi Quiterajo, Aurélio naye alirudi, amekonda, na kazi yake ikawa kuwatafuta watoto wa shirika nyumba kwa nyumba. Akafika upenuni kwa Zubaida, akamkuta anasaga.

"Mama, shikamoo. Wahida yupo?"

"Marahaba. Yupo."

"Naweza kumwona?"

"Ametoka."

Sisi watu wa pwani tulilisikia jibu hilo na tukalielewa. Mama ambaye mwanawe amepotea hasemi kwa kinywa chake kwamba hayupo, maana tunaamini kinywa cha mama ndicho mlango wa mwisho. Akiufunga yeye, hakuna wa kuufungua. Aurélio si wa kwetu. Kwao ametoka ni ametoka. Akauona na msiro usoni, akaridhika kwamba nyumba hii haina msiba, akaandika mtoto ni mzima. Wengi tulikuwa karibu, na hakuna aliyemsahihisha. Nani angetamka neno la kifo mbele ya mama mwenye msiro usoni? Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyekaa akapanga kudanganya.

Ikapita miezi. Siku moja Aurélio akaja na furaha: usalama umekuwa nafuu, kundi la watu wa kujitolea linakuja kuwatembelea watoto, na Dona Cleide yumo. Anakuja hasa kumwona Wahida.

Tulikutana barazani kwangu, mimi na Nurdine. Zubaida alikataa kupanda, akabaki chini kwenye jiwe lake, hatua chache tu, akisaga.

"Rehema atasimama mahali pake," alisema Nurdine. "Ni mrefu. Mgeni ameona picha tu, tena ya zamani, na Aurélio amewaona watoto wengi mno."

"Shemeji," nikamwambia, "baba yako akikusikia kaburini atageuka."

"Baba hakuachiwa shule yenye bati ailinde. Wakijua tumewaandikia mtoto hewa, watasema watoto wote wa Quiterajo ni hewa. Wataondoka. Hapo jina la nyumba yetu litakuwaje, Profesora?"

Alinishika pabaya, maana alisema kweli. Nikafikiri, nikapata njia niliyoiona ni ya heshima. Kwetu jina la marehemu hurithiwa. Watu hukusanywa, husomwa hitima, na mtoto wa ukoo huvishwa jina. Tangu hapo ni lake, na wakubwa humwamkia kwa heshima ya mwenye jina. Nikasema kwa sauti ili afike aliyekuwa chini, "Tusome hitima. Jina tumvishe Rehema. Akisimama mbele ya mgeni na kuitwa Wahida, hakuna atakayekuwa amesema uongo."

Jiwe likanyamaza.

"Hitima ya nani, wifi?"

Nikautengeneza mtandio wangu.

"Nakuuliza, wewe uliyesoma. Ya nani?"

"Zubaida, ni miaka minne."

"Mtoto wa jirani yetu Delfina alikaa huko msituni, watu wakamlilia, wakamfanyia arobaini. Si alirudi? Si juzi tu alikuwa hapa ananunua chumvi?" Hakuinua sauti. "Mnataka kumzika mwanangu ili mgeni apate wa kupiga naye picha."

"Nataka nyumba ya baba yako isiseme uongo."

"Mimi sijasema uongo. Nimesema yupo, ametoka. Na siku akirudi, akakuta jina lake limevaliwa na mwenziwe, yeye tutamwitaje?"

Nimefundisha miaka mingi na nimeulizwa mengi. Hilo halikuwahi kuulizwa darasani. Akainamia jiwe lake akaendelea kusaga, na Nurdine akaniangalia, akainuka, akaenda kumwambia mwanawe ajiandae.

Wageni walifika kwa magari mawili, mbele yao askari, nyuma yao vumbi. Walikuwa watu wema, wengi wao vijana, wamevaa fulana za rangi moja. Watoto waliimba. Wageni wakaona nyuso nyeupe za wanawake wetu wakataka nao wapakwe, basi Zubaida akaitwa na bakuli lake. Dona Cleide alikuwa mkubwa wao, mama wa makamo, miguu imevimba kwa safari. Alikaa mkekani kama mtu aliyezoea, akafumba macho, na Zubaida akampaka. Alimpaka polepole, kipaji, pua, mashavu, akishika kidevu chake kama anavyoshikwa mtoto. Hawakuwa wamejulishana bado. Nilitazama mkono ule nikatamani siku iishie hapo.

"Mpake vizuri," mwanamke mmoja akasema, "huenda akapata mume hapa, tukamwachia mmoja wa akiba."

"Wanasemaje?" Dona Cleide akaniuliza.

"Wanakuombea baraka," nikamwambia.

Ndipo Nurdine alipomsogeza Rehema, amesukwa nywele, amevaa gauni la sikukuu. "Mwambie huyu ndiye Wahida wake," akaniambia.

Nilikuwa nimelitengeneza neno langu tangu asubuhi. Nikasema kwa Kireno, "Huyu ni binti wa nyumba yetu." Sikusema zaidi, na wanaojua Kireno waliokuwapo watanishuhudia. Dona Cleide hakuhitaji zaidi. Alimkumbatia, msiro wake ukaacha alama nyeupe begani kwa mtoto. Rehema alisimama kama nguzo. Macho yake yalikuwa kwa shangazi yake, na Zubaida alikuwa amekaa na bakuli mapajani, akitazama njia inayotoka mikokoni.

"Umebadilika," mgeni akasema. "Kwenye picha ulikuwa na mwanya."

Nilitafsiri. Nurdine akajibu haraka, "Mwanya huziba." Nilitafsiri na hilo pia.

Mgeni alimwona mtoto ameogopa, akadhani ni haya. Akatoa simu. "Nitamkumbusha," akaniambia. "Nimekuwa nikiisikiliza hii miaka yote. Hata wakati sikujua kama mko hai."

Akabonyeza.

Kwanza jogoo. Jogoo wetu wa zamani, nilimjua, aliyekuwa akiwika kwa kukatika. Halafu jiwe likisaga, mbali kidogo. Halafu sauti ya Wahida, kwa Kireno nilichomfundisha mimi, akimwamkia mfadhili wake: "Bom dia, madrinha. Naitwa Wahida, nasoma darasa la tatu, napenda..." Akakwama. Likaja lile cheko lake. Kisha kwa lugha yetu, "Mama, nimesahau."

Wote uani walimjua aliyekuwa akisema. Hatukuwa na picha yake hata moja, maana nyumba iliungua na vyote, na sauti yake hakuna aliyedhani imebaki popote duniani. Rehema akageuka nyuma ghafla, akatazama nyuma ya shangazi yake, chini, usawa wa pindo.

Kwenye simu sauti ya Zubaida, changa kuliko ya sasa, ikajibu, "Sema tena." Na Zubaida aliyekaa mkekani akasema naye maneno hayohayo, kwa pamoja, "Sema tena."

Mtoto akaanza upya, akamaliza yote bila kukosea. Sauti ikakatika.

Zubaida alingoja. Alingoja kama alivyokuwa akisimama njiani Pemba, kichwa upande. Simu haikusema kitu. Kisha akaweka bakuli chini, akainuka, akaenda kwenye mtungi ulio karibu na jiko langu. Akateka maji kwa kata, akainama, akaanza kunawa uso. Maji yakashuka meupe, akateka tena, yakashuka meupe, akateka tena mpaka yakashuka yalivyo. Hakuna aliyemsaidia. Wanawake walikuwa wameshaanza kujitanda kapulana vichwani, mmoja mmoja, bila kuambizana. Aurélio, aliyekuwa akicheka na dereva, alitazama nyuso za watu na kuvua kofia.

Zubaida akarudi akasimama mbele ya mgeni, maji yakimdondoka kidevuni.

"Wifi, mwambie. Uliyemsikia ndiye Wahida. Huyu ni Rehema, wa ndugu yangu. Rehema nilimbeba mgongoni, na Wahida alinishika nguo. Nilimwambia asiachie, na mwanangu alikuwa msikivu. Asingeachia akiwa hai." Akajifuta kidevu. "Mwambie amekufa. Mimi mama yake nimesema."

Niliyatafsiri neno kwa neno. Nilijua kwamba katika kinywa changu wakati ule jina la nyumba ya mzee Ossufo lilikuwa safi kama maji ya mtungi ule.

Dona Cleide hakulia kwa sauti. Aliniuliza kwa nini mama amenawa uso. Nikamweleza. Akajigusa shavu, akaona weupe kwenye vidole, akaniuliza, "Na mimi?"

"Wewe ni mgeni," nikasema. "Hulazimiki."

Aliinuka hata hivyo akaenda mtungini. Hakujua kutumia kata, akajilowesha fulana nzima, na alipogeuka alikuwa amebakiza msiro sikioni na kwenye mzizi wa nywele. Zubaida akamsogelea. Akakunja pindo la nyuma la kapulana yake, lile ambalo hakuna aliyeruhusiwa hata kulikaribia, akamfuta nalo sikio.

Hitima ilisomwa siku iliyofuata. Wageni walikaa na wanawake mkekani, wamefunika vichwa, wakala wali pamoja nasi. Shirika halikuondoka na madawati yako palepale. Nurdine hakuweza kumtazama dada yake kwa wiki nzima, hadi dada mwenyewe alipomtumia bakuli la uji na kumwambia asijitie ubwana wa kununa. Anayesema Pemba kwamba tulidanganya, na aje aseme hapa, mbele ya mtungi.

Kuhusu kumvisha Rehema jina, nilimuuliza Zubaida mara moja tu, baada ya arobaini. "Liacheni," alisema. "Halina haraka." Nikaliacha.

Mgeni alinitumia ile sauti kwenye simu yangu. Nilimwambia Zubaida. Akasema, "Itunze," na hajawahi kuomba kuisikia. Nami sijaifungua. Lakini kuna alfajiri ninapoamka kwa jiwe lake, jogoo akawika, na ninajikuta nimetulia kitandani nikingojea lile cheko.

Bado anasaga msiro kwa ajili ya wengine. Uso wake mwenyewe ameuacha mtupu, hata baada ya arobaini, na hakuna anayemsema tena. Sisi tulioishi naye tulikuwa tumeusahau uso huo. Siku ya kwanza alipotoka nao kwenye jua, mwanamke mmoja kisimani aliangusha ndoo. Ni uso wa Wahida, umekua, umekonda, na akicheka akasahau kuziba mdomo, mwanya upo. Miaka yote ile tulisema mwanya wa mtoto ulikuwa wa Abdulai. Kumbe ulikuwa wa mama.

Jioni huenda kisimani na Rehema. Nawaona kutoka barazani. Kapulana bado anaifunga vilevile, nyuma ikiburuta, na sijamwambia aipandishe. Rehema hatembei ubavuni mwake kama watoto wengine wanavyotembea na shangazi zao. Hufuata nyuma kabisa, ndoo kichwani, na kati yake na lile pindo huacha nafasi ya mtu mmoja.